Uvimbe Wenyewe Hautoshi

Kila niitazamapo ramani ya kromosomu ya tatu ya nzi wa matunda, jicho langu huishia 93D, moja ya anwani za mistari inayoonekana kwenye kromosomu hiyo. Jirani zake wanafahamika, ni jeni za protini za mshtuko wa joto (Hsp), ambazo seli hutengeneza joto linapozidi: Hsp83 iko 63B, jeni nne ndogo zimebanana 67B, Hsp68 iko 95D, na Hsp70 imegawanyika kati ya 87A na 87C. Ukiwaweka mabuu kwenye 37 °C kwa nusu saa, sehemu hizi huvimba kwenye kromosomu nene za tezi zao za mate. 93D nayo huvimba, tena sana, lakini haizalishi protini yoyote ya mshtuko wa joto. Kinachotoka pale ni RNA, yaani nakala ya jeni, inayofanya kazi ikiwa RNA. Mwanasayansi Ritossa alieleza uvimbe wa joto mwaka 1962, na protini zenyewe zikaonekana 1974 tu. Ndiyo maana naushikilia msimamo huu: uvimbe unakuelekeza pa kutafuta, jeni inathibitishwa kwa kubandika kipande cha DNA yake chenye alama juu ya kromosomu.

Kwa kazi hiyo, usiwapashe mabuu joto, maana mistari ya sehemu iliyovimba hufifia. Walee 18 °C, wachache kwa chupa, na hamira ya ziada, ili tezi za mate zinenepe. Chagua buu anayepanda ukuta wa chupa. Toa tezi ndani ya maji ya chumvi 0.7%, ondoa mafuta yaliyoshikamana nazo, ziweke kwenye asidi asetiki 45%, funika kwa kioo chembamba, gongagonga kwa ncha ya penseli, kisha kandamiza kwa kidole gumba. Kioo kikiteleza, kromosomu hukatika, na kutenganisha 87A na 87C kunakuwa kubahatisha. Zinazofaa huonekana bapa na za kijivu; zinazong'aa hazipokei DNA vizuri, zitupe.

Kufungua nyuzi za DNA, sodiamu hidroksaidi 0.07 M kwa dakika 3 inatosha. Ukizidisha, mistari inapotea na huna tena cha kusomea ramani.

Kisha hubandikwa DNA yenye alama, na iliyoshika vibaya huoshwa. Kwenye kuosha ndiko wengi hudanganyika. Chumvi ikiwa nyingi au joto likiwa dogo, kipande cha Hsp70 hushika pia ndugu zake: 95D, hata 88E ilipo Hsc70-4, jeni isiyohitaji joto kuamka. Punguza chumvi, ongeza joto la kuoshea, alama kali zibaki mbili, 87A na 87C. Na zote mbili ni jeni hai: nzi aliyepungukiwa 87A pekee, au 87C pekee, bado hutengeneza Hsp70.