FIFA iko wapi? Miaka yangu na Ouya pale Manyatta

Siku niliyoiwasha Ouya, mashine ndogo ya kuchezea gemu, kibandani, hakuna aliyeniuliza ilitoka wapi wala iligharimu pesa ngapi. Mvulana mmoja wa darasa la saba, mteja wangu wa kila jioni, alikitazama kile kisanduku kilichotosha kwenye kiganja, akaitazama skrini, akanigeukia kwa sura ya mtu anayetoa pole. "Sasa kaka, FIFA iko wapi?"

FIFA, ile gemu ya mpira, haikuwamo. PES, gemu nyingine ya mpira, nayo haikuwamo. Kwa mwenye kibanda cha gemu Manyatta, Kisumu, mwishoni mwa 2013, hilo lilikuwa kama kufungua kioski cha chakula halafu kumwambia mtu ameketi tayari, amenawa mikono, kwamba huna ugali.

Kibanda changu kilikuwa chumba kimoja cha mabati: PS2 (PlayStation 2) mbili za mtumba, TV mbili za chogo, benchi mbili, na karatasi ukutani iliyosema shilingi 10 kwa mechi. Aliyefungwa ndiye alipaye, mshindi anabaki na pedi. Biashara nzima ilisimama juu ya aibu ya kufungwa mbele ya wenzako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina karo ya kuendelea, na kila mtu aliyekuwa na jamaa ng'ambo alinisikia nikilia kwamba nataka PS3.

Mjomba wangu anaishi Marekani. Yule wa upande wa mama, nera kama tunavyomwita kwetu. Alikuja Krismasi ile, na badala ya PS3 akatoa begini kifaa nisichowahi kukisikia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata bei. "Dola 99 tu, omera! Na unaweza kuifungua mwenyewe, hakuna atakayekukataza!" Dola 99 wakati ule zilikuwa kama shilingi 8,500. Niliitikia asante mjomba, asante sana, nikijua moyoni kwamba nimeisha.

Kwa wasiojua, Ouya ilianza kama ombi la mchango. Julai 2012, Julie Uhrman na wenzake waliomba dola 950,000 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, ili watengeneze mashine ya gemu ya bei nafuu inayotumia Android, mfumo wa simu. Watu zaidi ya 63,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 8.5. Umbo lake lilichorwa na Yves Béhar, na ilianza kuuzwa madukani tarehe 25 Juni 2013. Ndani mlikuwa na chipu ya Tegra 3, jamii ileile iliyokuwa kwenye tableti za siku hizo, RAM ya GB 1 na hifadhi ya GB 8. Yaani ni simu iliyonyang'anywa kioo ikapewa HDMI, tundu la kuiunganisha na TV. Ila ilikuja na ahadi mbili ambazo mashine kubwa hazikuwa nazo. Wakati huo kila gemu kwenye duka lake la mtandaoni ilikuwa lazima uweze kuionja bure kabla ya kulipa, na kila Ouya ni ya kutengenezea gemu pia, huhitaji kununua kifaa maalumu cha watengenezaji. Skrubu zake ni za kawaida. Unafungua, unachungulia, unafunga.

Mimi hayo yote sikuyajali. Nilijali kwamba TV zangu hazikuwa na tundu la HDMI. Ikabidi niazime TV bapa ya jirani kwa ahadi ya kumlipia tokeni za stima mwezi mzima, na tayari faida ilikuwa imeanza kuvuja.

Mjomba alikuwa ameshaisajili Ouya kwa kadi yake ya benki. Nami, kwa uzembe wangu, sikuweka namba ya siri ya kununulia. Wiki ya pili simu ikalia kutoka kwa mjomba, aliyekuwa bado Siaya kwa shughuli za nyumbani, akiuliza kwa upole wa hatari kwa nini benki inamwambia amenunua gemu ya dola 15. Nani aliyebonyeza, mpaka leo hajulikani. Benchi nzima iliangalia chini.

Gemu yenyewe ilikuwa TowerFall, na nikikumbuka sasa, huyo mtoto alikuwa na jicho. Ni ya kurushiana mishale, watu wanne skrini moja, dakika chache mtu kafa, mnaanza tena. Nilikuwa na pedi mbili za Ouya, nikaazima mbili za PS3, nazo zikakubali. Kwa wiki moja kibanda kilijaa hadi mlangoni. Halafu watu wakarudi kwenye PS2 mmoja mmoja, kimyakimya, kama wanaoacha kanisa. Nilimuuliza yule wa darasa la saba kulikoni. Akasema mishale ni mitamu, lakini kwenye mishale huwezi kuwa Arsenal.

Pedi sasa. Duniani kote walionunua Ouya za mwanzo walisema mengi kuhusu pedi zake, vitufe vya kukwama na mwitikio wa kuchelewa, nami sina la kuongeza hapo isipokuwa betri. Zilikaa mbili, moja kila upande, ndani ya mikono ya pedi, na ukitaka kuzifikia unabandua bamba la juu. Ni betri ndogo za rimoti, si zile kubwa za tochi na redio ambazo Eveready walikuwa wakizitengeneza Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa 2014. Mkononi mwa watoto bamba linalobanduka ni gemu ya pili. Walibandua, wakabandika, wakabandua. Moja likapotea, nikafunga kwa selotepu. Kwa hesabu ya betri peke yake, mteja wa shilingi 10 alikuwa ananila mimi.

Kufikia Februari 2014 nilikuwa nimeamua kuiuza. Nikaipeleka Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika, nikamwonyesha fundi wa simu niliyemfahamu. Aliishika, akaigeuza, akauliza ina nini ndani. Nikamwambia Android. Akanitazama kama mtu aliyebeba gunia la mahindi huku akilia njaa.

"Android? Si uweke chochote?"

Kumbe nilichokuwa nacho sikuwa nimekifungua. Jioni ile alinionyesha jinsi ya kuchukua faili la APK, yaani programu ya Android, kwenye flashi, kulichomeka nyuma ya Ouya, na kulisakinisha bila kupita dukani. Cha kwanza kilikuwa emuleta ya PS1, programu inayoigiza PlayStation ya kwanza. Nilikuwa na CD zangu za mpira za miaka ya nyuma, zimekwaruzika lakini zinasomeka. Tukazinakili kwenye kompyuta ya fundi, tukazihamisha. Saa tatu usiku, kwenye kibanda kilichofungwa, mpira ukaanza kuchezwa kwenye Ouya. Wachezaji wenyewe walikuwa wameshastaafu, na nyuso zao zilikuwa za pembe nne. Kesho yake nilimwita yule mvulana, nikamwonyesha. Akakubali ni mpira. Kisha akauliza mbona Messi hayumo.

Lakini mimi nilikuwa nimeshanaswa. Usiku nilikuwa nanunua bando la bei rahisi na kusoma. Nilitaka kuiruuti, yaani niwe na mamlaka yote juu yake, niweke mfumo mwingine, niondoe vya kwao niweke vyangu. Nilifuata mwongozo hatua kwa hatua, na nikiwa katikati ya kuandika mfumo mpya, mvua ikiwa inapiga mabati na radi inapasuka, stima ikapotea.

Iliporudi, Ouya ilionyesha nembo yake, ikabaki hapo. Nikazima, nikawasha. Nembo. Nilikaa nayo hadi alfajiri kama anayekesha na mgonjwa. Tatizo ni kwamba kile kisanduku kina kitufe kimoja tu, cha kuwashia. Simu ikiharibika unashika vitufe viwili vya pembeni unaiokoa. Hapa hakuna cha kushika.

Jibu, nililolipata baada ya siku mbili, lilikuwa la ajabu kidogo. Chomeka kibodi ya USB. Washa mashine. Shikilia Alt na Print Screen, halafu bonyeza herufi i, mara nyingi, bila kuacha, mpaka mfumo uliogoma uangushwe na ile sehemu ya kujinusuru ijitokeze. Herufi i! Nilidhani ni mzaha.

Na kibodi ya USB ilikuwa shida ya pekee. Saiba zote mbili za karibu na kwangu zilikuwa bado na kibodi za kichwa cha mviringo. Nikashuka Kondele kwa miguu, nikauliza duka baada ya duka, mwisho nikapata ya mtumba kwa shilingi 300, herufi za Kiarabu zimeandikwa kando ya za Kilatini, na kitufe cha Print Screen kimegandana na kitu kilichonukia chai. Nikakisafisha kwa spiriti na mswaki. Nilianza kubonyeza nikiwa nyumbani, sebuleni kwa mama. Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Nadhani mara ya kumi na kitu nilikuwa nabonyeza kwa hasira tu. Mama alikuwa anachambua omena pembeni, akainua kichwa: "Nyathina, unampigia nani muda wote huo?"

Skrini ikawa nyeusi, kisha maandishi yakatokea.

Sikumjibu mama. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara moja, nikarudi. Nimeshaona watu wakifurahia mabao ya dakika ya mwisho, na nitawaambia hawajui kitu. Mfumo ulipokaa sawa ilinibidi niingie upya kwa akaunti ya mjomba, naye kule kwao ilikuwa saa za kulala. Alinitajia neno la siri polepole, herufi moja moja, kwa sauti ya mtu anayejutia zawadi.

Baada ya hapo Ouya haikuwa tena ya kibanda, ilikuwa yangu, na ajabu ni kwamba ndipo ilipoanza kuingiza pesa. Niliweka XBMC, programu ya kuchezea video. Februari 2015, katika ule mvutano wa kuhamia matangazo ya dijitali, vituo vikubwa vya televisheni vilizimika kwa karibu wiki tatu nchi nzima. Manyatta ilikuwa kimya jioni, watu hawana habari wala vipindi. Mimi nilikuwa na flashi iliyojaa filamu zilizotafsiriwa na madijei, na kisanduku kinachozisoma. Shilingi 20 kwa filamu, watoto nusu. Akina mama ambao hawajawahi kukanyaga kibanda cha gemu walikuja na viti vyao. Vituo viliporudi hewani nilisikitika kwa siri.

Na kuna BombSquad. Hii ni gemu ya kutupiana mabomu ya katuni, inachukua hadi watu wanane, na baadaye nikagundua kwamba simu ya Android inaweza kuwa pedi yake. Mnahitaji ruta tu, hata isiyo na intaneti. Nilikuwa na ruta iliyokatiwa huduma zamani, nikaiwasha hivyohivyo. Jumamosi moja ya mvua, watu wanane, simu nane, nyingine kioo kimepasuka hadi huoni unabonyeza nini, wakapigana tangu saa nane mchana hadi maghrib. Hakuna betri iliyonunuliwa. Yule mvulana, wakati huo yuko kidato cha kwanza na sauti imevunjika, aliniambia ningeanza na hii. Sikumkumbusha habari ya Arsenal.

Kampuni yenyewe haikufika mbali. Razer, kampuni ya vifaa vya gemu, walinunua sehemu ya programu ya Ouya mwaka 2015, na tarehe 25 Juni 2019 seva zikazimwa, miaka sita kamili tangu ianze kuuzwa madukani. Baada ya hapo, mwenye kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani alikwama kwenye ukurasa wa kuingia, akibisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Wapenzi wake wakatengeneza seva mbadala, unaweka faili dogo la maandishi kwenye flashi na mashine inaelekezwa huko. Yangu haikuhitaji. Ilikuwa imeacha kubisha mlango huo tangu 2014.

Kibanda nilikifunga 2017. PS2 zilikufa zote mbili. Ninafanya kazi ya mitandao ya kompyuta sasa, na ile kibodi ya Kiarabu bado ninayo kwenye begi la kazi, imeshaokoa mashine za watu ambao hawakuamini herufi i.

Ouya iko kwa mama. Nimeijaza video za kwaya na mahubiri, na gemu moja ya kupanga matofali ambayo anakana kuicheza. Yeye huiita redio ya nera. Juzi alinipigia nikiwa kazini, nikatoka nje kupokea nikidhani kuna ugonjwa. Hakuna ugonjwa. Alitaka nikija Jumapili nimbebee betri mbili, zile ndogo, na selotepu.