Bibi, Maji Mlikuwa Mnachota Wapi?

Machi 2021 simu yangu iligoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi hapa Mtwara mjini, akahangaika nayo siku mbili, siku ya tatu akanirudishia inawaka vizuri na ndani haina kitu. Alikuwa ameiflashi. Picha hazikuniuma sana, nyingi zilishakwenda kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Kilichoniliza ni faili moja la sauti la dakika 47. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa anaeleza jinsi ukoo wetu ulivyohamishwa mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, nani alibeba nini, nani alikataa kutoka mpaka nyumba yake ilipoezuliwa akiwa ndani. Nilimrekodi Desemba ya mwaka uliotangulia, tumekaa chini ya mkorosho wake. Nikajipa moyo kwamba likizo ikifika nitakwenda kumrekodi upya. Julai mwaka huohuo mjomba akafariki.

Nina watoto watatu. Binti yangu wa kwanza wakati huo alikuwa na miaka 12, wa kati, wa kiume, ana 9, na kitinda mimba ana 5. Wamezaliwa na kukulia mjini, Kimakonde wanakisikia tu, hawakijibu. Mimi nafanya kazi kwenye steshenari, kutwa naskani vyeti vya watu na kuchapa barua zao. Siku moja baada ya msiba, nikiwa naskani hati ya shamba ya mteja, nikajiuliza: hivi za kwetu nani anazitunza? Kwa Wamakonde ukoo, litawa, hufuata upande wa mama. Maana yake wanangu ni wa ukoo ule aliokuwa anausimulia mjomba, na hawalijui hata jina la mama yake bibi yao.

Desemba 2021 tukapanda gari kwenda Newala kwa mama. Nikakosea tena. Niliweka simu juu ya stuli, nikawakalisha watoto mkekani, nikasema, "Haya mama, tusimulie historia ya ukoo wetu." Mama akajitanda kanga vizuri, akakohoa, akaanza kuhutubia kama yuko kwenye mkutano wa kijiji. Alijitambulisha kwa majina matatu. Akawaasa watoto wasome kwa bidii na waheshimu wakubwa. Kabla ya dakika kumi kitinda mimba alishakimbilia kuku, wa kati ananivuta mkono anataka simu acheze gemu, na binti yangu ametulia kwa adabu tu. Ile rekodi bado ninayo. Kila nikiisikiliza namsikia mama yangu, lakini siye yule anayekaa jikoni na kusema mambo.

Kesho yake asubuhi nikamwachia wa kati simu, nikamfundisha kubonyeza kinasa sauti, nimpumbaze tu. Akawa anazunguka uani anarekodi jogoo, mbuzi wa jirani, mlango unaolia. Mama alikuwa anaosha vyombo. Mtoto akajikwaa kwenye beseni, maji yakamwagika. Mama akaja juu: "Unamwaga maji wewe! Ungejua maji ya huku yalivyokuwa!"

Mtoto, simu mkononi, akauliza, "Kwani Bibi, maji mlikuwa mnachota wapi?"

Mama aliacha sufuria. Alisema dakika 22 bila kusimama.

Aliyekulia Newala au Tandahimba atakuwa anajua. Uwanda wa Makonde hauna mito, ule mchanga unaimeza mvua yote, na kabla ya maji ya bomba kupandishwa juu watu waliishi huku juu na maji yako chini bondeni. Mama alikuwa anaamshwa jogoo la kwanza, yeye na wasichana wenzake, kila mmoja na mtungi wake. Wanateremka ule ukingo gizani, huko huko ambako leo watu wanakwenda Shimo la Mungu kupiga picha za mandhari. Wakifika kisimani wanapanga foleni, maji yanachuruzika kidogo kidogo, wanakinga kwa kata. Kisha kuupanda mlima na mtungi kichwani, jua limeshachomoza, na ukifika nyumbani unaambiwa ya leo yatatosha mpaka kesho, usinawe ovyo.

Siku moja, alikuwa na miaka kama kumi, aliteleza katikati ya mlima, mtungi ukapasuka. Ulikuwa mtungi wa bibi yake. Aliogopa kurudi, akakaa pale njiani na kanga imelowa mpaka jioni. Aliyemfuata ni kaka yake, ndiye huyo mjomba wangu. Hakumpiga wala kumgombeza. Aliinama akaokota kigae kikubwa kuliko vyote, akakibeba mpaka nyumbani, akamwambia bibi yao, "Mtungi haujafa wote." Kile kigae wakakifanya cha kunyweshea kuku.

"Sasa kiko wapi?" mtoto akauliza.

Kwenye rekodi hapo pako kimya kidogo, jogoo anawika, halafu mama anacheka. Akasema kilibaki kule mahame walipohamishwa. Na hapo hapo, bila mtu kumwomba historia ya ukoo, akaingia kwenye 1974.

Baadaye tulimwekea asikilize, tukamwomba ruhusa tuitunze. Alisikiliza yote, akasema, "Hapo pa kanga kulowa mpafute." Mtoto akakifuta kile kipande mbele yake.

Tangu siku hiyo nimeacha kushika simu. Anashika mtoto, anauliza mtoto, na swali ni la kitu kinachoonekana: kinu kile, kovu lile, kwa nini mwembe huu haukatwi. Tukimkuta Bibi anamenya ming'oko, tunauliza nani alimfundisha kuichimba porini na anajuaje mahali pa kuchimba. Ukimwuliza mzee "maisha ya zamani yalikuwaje" anakupa nasaha. Mwulize kuhusu mtungi uone. Nami nimejifunza kunyamaza. Mwanzoni nilikuwa namkatiza mama nimsahihishe mwaka, mara namkumbusha jina, na kwenye rekodi za mwanzo sauti yangu inakera kuliko mbu.

Kazi tunayoifanya mjini baada ya likizo ndiyo inayowafundisha watoto zaidi. Jioni tunasikiliza kipande cha dakika tano hivi. Mama akipandwa na hisia anahamia Kimakonde, na binti yangu ana daftari la maneno ya pale tu, yale Bibi aliyoshindwa kuyasema kwa Kiswahili. Lilianza na neno moja, medi, maji. Sasa limejaa na tumeanza la pili. Akikwama anampigia bibi yake, na Bibi akiona namba ya mjukuu anapokea haraka kuliko ninavyompigia mimi.

Jumamosi moja baada ya kazi niliwafungulia Google Earth kwenye kompyuta ya steshenari. Tukaitafuta Newala kutoka juu, tukaona uwanda unavyokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Wa kati akawa anafuata njia ya maji kwa kidole, Bibi yuko kwenye spika ya simu anamwelekeza: "Shuka hapo, kuna jiwe, pita kuliani." Jiwe hatukuliona. Lakini mtoto aliona ule mlima ulivyosimama, akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ulikuwa unapanda huku kila siku?"

Binti yangu ndiye aliyeniuliza kama kuna mtu aliwahi kurekodi wazee wa zamani zaidi. Nikamweleza habari ya Karl Weule, Mjerumani aliyepita nchi hii mwaka 1906, Masasi mpaka Newala, amebeba fonografu na kamera ya sinema. Aliwaimbisha watu mbele ya tarumbeta ya kile chombo, nyimbo zikanaswa kwenye silinda za nta, akaondoka nazo kwenda Ujerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinanuka moshi. Binti yangu alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wao walitunza za bibi zake Bibi, na sisi tumepoteza ya Babu." Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule nililipangia jambo hili utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Siku ya kurekodi, kabla hatujalala, faili linabadilishwa jina: mwaka, mwezi, nani anasema, kuhusu nini. Ukiliacha na jina la namba ulilopewa na simu, baada ya miezi sita hulijui. Kisha linakwenda sehemu tatu. La kwanza linabaki kwenye simu. La pili linaingia kwenye memori kadi ya GB 64 ambayo haikai kwenye simu yoyote, inakaa ndani ya kopo la majani ya chai kabatini. La tatu linapandishwa Google Drive nikiwa na bando la usiku. Picha za zamani naziskani kazini, na nikiwatumia ndugu kwa WhatsApp nazituma kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na sura zinafifia. Tuna picha moja tu ya mama yake mama, ndogo kama ya pasipoti, ana ndonya, kile kipande cha mti kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu. Kwenye skani ya ukubwa wa juu watoto waliona kitu ambacho sisi wote hatukuwahi kukiona: amevaa shanga shingoni, mistari miwili.

Yako mambo hatuyarekodi. Mwaka wa pili wa kati alimwuliza Bibi kuhusu unyago, kwa nia njema kabisa, simu mbele. Mama akasema neno moja: "Zima." Mtoto akazima. Akamwambia, "Hayo yana mahali pake na yana watu wake. Yako utayapata kwa wajomba zako. Ya dada yako nitamwambia mimi." Niliona ni somo kubwa kuliko rekodi. Mtoto akijua kipi kinasemwa hadharani na kipi kinatunzwa, ameshaijua nusu ya mila.

Nembo za mama, zile chale za usoni, zilituletea maumivu. Kijana mmoja wa kwenye familia alichukua kipande cha video, Bibi anacheka, akakiweka TikTok. Watu wasiomjua wakaandika maneno machafu chini yake juu ya zile chale. Binti yangu aliyaona kabla yangu. Alimpigia yule ndugu yake akamwambia afute, akafuta. Wiki ile akamwuliza Bibi kila mstari, nani alimchora, waliutia nini jeraha likawa jeusi, alilia au hakulia. Hakulia. Alishikwa na shangazi zake wawili, na waliimba. Sasa kwenye familia ni sheria: sura ya mzee haitoki nje ya kundi la ukoo mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

Desemba 2022 tulikwenda mahame. Hakuna nyumba hata moja, ipo miembe mitatu mikubwa na vichuguu. Watoto wakaweka alama ya mahali kwenye ramani ya simu, wakaandika "kwa mama yake Bibi", ili hata mimi nikiwa sipo wapajue. Kaburi tulilipata kwa maelezo ya binamu yake mama. Wa kati akafukua vigae vya udongo chini ya mwembe, akamletea bibi yake kimoja, anahema. Mama akakigeuza upande huu na ule, akapapasa ukingo kwa kidole gumba. "Hiki si chenyewe," akasema. Lakini alikifunga kwenye pindo la kanga, na kiko Newala mpaka leo, dirishani.

Zile dakika 47 nilizopoteza tumezikusanya vipande vipande, kidogo kwa mama, kidogo kwa binamu, kidogo kwa mzee mmoja aliyekuwa jirani yao. Hawapatani. Mama anasema walihamishwa wakati wa kupalilia, binamu anashikilia ilikuwa korosho zimeshadondoka. Hata ule mtungi, mama mdogo aliposikia rekodi kwenye kundi, alituma ujumbe wa sauti mrefu kutoka Lindi kwamba aliyeuvunja ni yeye! Binti yangu ametunza yote mawili kwenye folda moja, majina yao mbele, wala hajaamua nani mkweli.

Sauti ya mjomba mwenyewe niliishaikatia tamaa. Mwaka jana mama mdogo alikuwa anafuta mambo kwenye simu yake ipate nafasi, akakuta ujumbe wa mjomba wa Juni 2020, sekunde 14. Akanitumia. "Mdogo wangu, hujambo? Salfa imeshashuka huko? Huku ubwiri unga umeanza, nisije nikachelewa kupuliza. Haya, wasalimie watoto." Ni mikorosho tu, ugonjwa wake na dawa ya kuupulizia. Nyuma yake kuna mtu anatwanga.

Watoto waliisikiliza mara nyingi mfululizo, nami nikatoka nje. Niliporudi wa kati alikuwa ameshalipa faili jina: 2020, Juni, Babu, salfa. Kitinda mimba, ambaye hamkumbuki mjomba hata kidogo, alikuwa ameinamisha sikio kwenye simu, anauliza, "Anayetwanga ni nani?" Tukampigia Bibi.