Mbolea Yangu Ilivyokuwa Ikiishia Ziwani

Shamba langu la ekari mbili liko kwenye mteremko ambao maji yake huingia mto Nyando, na mto huo humwaga katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi nilipanda mahindi kwa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, nikiinyunyiza ovyo juu ya ardhi iliyolimwa kwa kufuata mteremko, na kila mvua kubwa ilipopita niliona mtaro wa barabarani umejaa tope jekundu bila kufikiri kwamba tope lile lilikuwa mali yangu.

Afisa wa kilimo ndiye aliyenieleza kwamba fosforasi haichukuliwi na maji kwa urahisi kama naitrojeni, bali hung'ang'ania chembe za udongo, hasa katika udongo wetu mwekundu wenye asidi, uliojaa chuma na alumini. Kwa hiyo husafiri udongo unaposafiri, na unaotangulia kuondoka ni ule laini wa juu, ambao ndio ulioibeba kwa wingi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takriban kilo 10 tu za fosforasi yenyewe, nami nilikuwa nikizipeleka ziwani zikalishe mwani na gugu maji.

Nilianza na fanya juu, yaani mtaro unaokingama mteremko, ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Mtaro wa kwanza niliukadiria kwa macho, jambo ninalolionea haya hadi leo, kwa kuwa maji yalikusanyika mahali palipoinama, yakalikata tuta na kuchimba korongo ambalo halikuwapo awali. Mara ya pili nilitumia kamba na pimamaji ya fundi, kisha nikapanda mabingobingo juu ya tuta ili mizizi ilishike na ng'ombe wapate majani. Nilitia pia chokaa ya kilimo kupunguza asidi, na mbolea nikawa naipima kwa kizibo cha soda katika kila shimo, nikiifunika kwa udongo kidogo kabla ya kudondosha mbegu.

Kila kiangazi hulikomba tope lililotuama mtaroni na kulirudisha shambani, maana fosforasi iliyomo nilikwisha kuilipia.