Jinsi nilivyopanga upya miito ya mtandao ndani ya kerneli
Katika kerneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) tunayoitunza hapa Nairobi, miito ya mfumo, yaani maombi ya programu kwa kerneli, ya bind (kufunga anwani), connect (kuunganisha) na sendmsg (kutuma ujumbe) ilinakili anwani za mtandao kutoka kumbukumbu ya programu, kila mmoja kwa njia yake. Hatari kubwa ilikuwa katika sendmsg: mwito huo ulisoma urefu wa anwani, ukaukagua, kisha ukausoma tena wakati wa kunakili, na katikati hapo uzi mwingine wa programu (sehemu yake inayotekelezwa sambamba) ungeweza kuubadilisha.

Niliandika fanksheni moja inayousoma urefu mara moja tu na kuukataa ukiwa hasi au ukizidi baiti 128, ambazo ndizo ukubwa wa sockaddr_storage, muundo wa data wa kuhifadhi anwani ya aina yoyote, katika Linux, kabla ya kunakili anwani yenyewe. Msimbo wa soketi (ncha za mawasiliano ya mtandao) haugusi tena kumbukumbu ya programu, na hilo naliona la thamani zaidi.