Gitaa moja, besi, ngoma na chupa: tulivyopiga muziki wa akina Garza wa Los Lonely Boys bila pedali

Nilipouliza gitaa moja litajazaje bendi nzima, mliniambia ninunue pedali, vile vidude vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa; leo ni zamu yangu kusema. Wikiendi iliyopita sisi wanne wa nyumba moja, mimi, mke wangu, mwanangu na mdogo wangu, tumepiga kwenye harusi ya Wakongo hapa San Antonio, Texas, bluzi yenye ladha ya Kilatini, na watu wamecheza mpaka bibi harusi akavua viatu. Pedali zilikuwa kabatini.

Mimi nimekulia Mombasa nikipiga ridhimu kwenye bendi za hoteli. Kwetu kila gitaa lina kona yake: solo yupo, mi-solo wa katikati yupo, ridhimu wa kushika mwendo yupo, besi naye yuko nyuma anasukuma. Sasa wasikilize Los Lonely Boys, ndugu watatu wa San Angelo, huku huku Texas. Henry Garza gitaa, JoJo besi, Ringo ngoma. Basi, hakuna mwingine. Gitaa moja linashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, linamjibu mwimbaji, linapiga solo, na wala husikii pengo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kuimba kwao nilikuelewa, maana sauti za ndugu hupatana zenyewe, lakini hilo gitaa nilitaka kujua linafanyaje.

Mwanangu anapiga besi vizuri kuniliko, ila kupiga na baba yake aliona aibu. Nikamsimulia habari za wale ndugu: baba yao alikuwa na bendi ya konjunto, muziki wa kodiani wa Wamexico wa Texas, pamoja na ndugu zake, watoto walipokua wakawa ndio bendi yake, wakahamia Nashville miaka ya 1990 kutafuta riziki, wakarudi Texas. Albamu ya kwanza wakairekodi kwenye studio ya Willie Nelson, yule mwimbaji wa kantri, na wimbo wao "Heaven" ukawapatia Grammy mwaka 2005. "Umeona? Walianza kwa kumpigia baba yao." Kijana akanijibu, "Sawa baba, lakini Grammy waliipata wakiwa peke yao." Sikuwa na la kusema. Akaja hata hivyo, kwa sharti kwamba nisimwambie avae nini.

Sasa hizo pedali. Jamaa mmoja wa duka la magitaa, na mabingwa wengine wa mtandaoni ambao sijawahi kusikia hata noti moja waliyopiga, walikubaliana: gitaa moja litajaa ukiwa na pedali ya mwangwi, ya kukwaruza sauti, na wah-wah, ile inayofanya gitaa lilie "wa-wa". Dola mia tatu na ushee zikaenda. Mke wangu nilimtajia nusu yake.

Tukazipeleka kwenye nyama choma ya Wakenya bustanini. Wah-wah inataka kukanyagwa kwa kisigino na vidole, na mimi nilivaa kandambili. Kila nikikanyaga, kandambili inabaki na pedali, mguu unarudi peke yake. Mwangwi nao ulikuwa na mwendo wake: nikipiga mara moja, wenyewe unarudia mara tatu, pole pole kuliko sisi. Mdogo wangu kwenye ngoma akaacha kunifuata mimi akaufuata mwangwi. Mwanangu akamfuata ngoma. Mimi nikawa mgeni kwenye wimbo wangu mwenyewe, nautafuta mstari wa kwanza huku wao wako wa nne. Nikazima kitu kimoja, sauti ikapotea yote. Nikawasha, ikalia kama king'ora. Mzee mmoja akanisogelea kwa heshima zote, akaniambia yeye ni fundi umeme, kama mashine imeharibika anaweza kuitazama.

Dawa niliipata bure, kwenye tamasha la konjunto linalofanyika mjini hapa tangu 1982. Nilisimama karibu na mzee mmoja wa bajo sexto, nikatazama mkono wa kulia tu. Bajo sexto ni gitaa nene la nyuzi 12, zimepangwa jozi jozi, na sauti zake ni mi la re sol do fa kutoka nzito kwenda nyembamba. Yule mzee anagonga uzi wa besi kwanza, kisha anakata kodi chini, na kodi hiyo anaiua papo hapo. Bum-chak, bum-chak. Mtu mmoja, kazi ya wawili!

Nikaenda nyumbani nikafanya hivyo hivyo kwenye gitaa langu la umeme. Mkono wa kushoto ndio wenye siri: usiubane baada ya kodi, ulegeze tu, vidole vibaki juu ya nyuzi. Sauti ikifa panabaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ya kumjibu mwimbaji kwa noti mbili tatu. Sisi watu wa rumba hatupendi nafasi, tunajaza kila mahali kwa sababu nyuma yetu yuko mwenzetu anayejaza zaidi. Nikianza solo, kijana anapanda juu kwenye besi na kupiga noti mbili kwa pamoja, pengo lisisikike. JoJo besi yake ina nyuzi sita, ya kwetu ina nne, lakini inatosha.

Mzunguko wa bluzi, ule wa vipimo 12 unaojirudia, haukutusumbua. Shida ilikuwa ngoma. Mdogo wangu alipiga shafo, ule mdundo wa bluzi unaobembea, kwa miguu ya gwaride. Nikamwambia, "Bwana, kumbuka chakacha. Hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, halafu kwenye mbili nyamaza." Akanyamaza. Ikabembea. "Kaka, kumbe ni hivi tu?" Ndiyo, ni hivyo tu. Zile nyimbo za Kilatini mwachie mpiga ngoma apige mdundo ulionyooka, bila kubembea. Hizo hazina haja ya kufundishwa kwa mtu aliyelelewa na rumba, maana santuri za mfululizo ulioitwa GV, zenye nyimbo za Kuba, zilianza kuingia Afrika tangu miaka ya 1930.

Nilitaka kununua guiro, ile ala ya Kilatini yenye mistari ya kukwaruzwa. Mke wangu, mzaliwa wa Butere, magharibi mwa Kenya, akasema, "Baba watoto, pesa zingine tena?" Kwao wapiga gitaa wa omutibo, muziki wa gitaa wa huko, watu wa enzi za mpiga gitaa George Mukabi, walikuwa na mtu wa chupa ya Fanta pembeni. Akapekua rafu za duka la Kimexico mpaka akapata chupa ya kioo yenye mistari, akaikwaruza kwa mpini wa kijiko. Uma tulijaribu, unapiga kelele mbaya. Akiongeza maji kidogo, mlio unashuka. Maikrofoni iweke ubavuni mwa chupa, ukiiweka mbele inameza sauti ya mwimbaji.

Kugombana tumegombana, hasa juu ya nani anapewa solo. Akina Garza nao wamepita mengi: Henry alianguka jukwaani mwaka 2013 akaumia mgongo, baadaye wakapumzika miaka kadhaa, wakarudi 2022, na 2024 wakatoa albamu, *Resurrection*. Kwa hiyo mwanangu anaponuna sishtuki, nampa sauti ya juu kwenye kiitikio, ananyamaza.

Bahasha ya harusi ilikuwa nene kiasi. Mdogo wangu anadai alipwe zaidi kwa sababu ngoma ni nzito kubeba. Mke wangu anasema kilichowachezesha watu ni chupa, na tayari ameuliza duka la Kimexico kama wanayo kubwa zaidi.