Mapenzi ya Mjini: kumbukumbu ya mradi wangu, Julai

Napiga picha za mapenzi mitaani Nairobi, na mwezi huu nimeacha kutafuta mabusu. Nairobi watu hawabusiani barabarani ovyo, na wanaobusiana huwa wanajua wanatazamwa. Upendo wa hapa uko mikononi. Mtu anamnyooshea mwenzake kola, anambebea mkoba, anampulizia mtoto mahindi ya kuchoma yapoe. Siku hizi natazama viganja kabla ya nyuso.

Maskani yangu ni mbele ya Archives, jengo la kumbukumbu za taifa, karibu na sanamu ya Tom Mboya, kwa sababu hapo ndipo watu hungojana. Anayengoja huwa amekunja uso, simu sikioni: "Uko wapi? Mimi nishafika." Kisha anamwona mtu wake ng'ambo ya barabara, na kabla hajakumbuka kujikaza, uso wote unafunguka. Haidumu hata sekunde. Ukisubiri wakumbatiane umechelewa. Kitakachobaki ni migongo miwili na mkoba.

Ndiyo maana kamera inakaa tayari: lenzi ya milimita 35, tundu lake la mwanga nimeliweka f/8, fokasi nimeifunga kwenye mita tatu. Kwa kamera yangu ya fremu kamili, kuanzia kama mita mbili hadi saba picha inatoka safi bila kugusa chochote. Mawingu ya Julai yananifaa, maana jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni mwa watu. Jioni mwanga ukipungua napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, chembechembe zije zikitaka.

Picha ninayoipenda zaidi kufikia sasa niliipata River Road, kwenye ofisi za mabasi ya usiku. Mama mmoja alikuwa akimsindikiza kijana wake. Alimtilia noti zilizokunjwa kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, kisha akaupigapiga ule mfuko. Kijana ameangalia pembeni kwa aibu, lakini kifua amekisogeza mbele kidogo ili mama asihangaike. Nilipowaonyesha, mama aliuliza kama mimi ni wa gazeti, kisha akataka nimtumie WhatsApp hapo hapo.

Kuwaonyesha ni lazima kwangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, lakini hata isingekuwepo, adabu ipo. Mtoto, namwomba mzazi. Kuna jamaa aliniambia nifute kabla hata hajaiona. Nikafuta mbele yake, sikuuliza. Mpango wa kando naye ana haki zake.

Rafiki yangu ananishauri niwaombe watu warudie. Ananitajia ile picha ya Robert Doisneau ya 1950, wapenzi wakibusiana mbele ya ukumbi wa jiji Paris: aliwaona wakibusiana, akawaomba wabusiane tena mbele ya kamera. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini yule mama akiambiwa arudie kufunga kifungo, ataanza kwa kujitengeneza kilemba.

Kinachokosekana ni wazee. Wanandoa wa umri mkubwa hutembea mmoja mbele, mwingine nyuma, na sijajua nisimame wapi ili waingie kwenye fremu moja. Nitajaribu milango ya makanisa Jumapili, ibada ikitoka. Desemba watu wakianza kwenda ushago, kijijini kwao, narudi River Road na betri ya ziada.