Mistari Sita ya Leningrad

Jana jioni binti yangu alikuwa anachoma stakabadhi za zamani za duka uani, moshi ukaingia hadi sebuleni. Moshi wa karatasi si kama wa kuni. Unakwaruza koo mara moja, basi. Nikaacha kula.

“Baba, vipi?”

Nikamwambia hamna kitu. Kumbe nilishafika Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St. Petersburg, Machi 1989, jikoni kwa mwalimu wangu wa Kirusi.

Mezani palikuwa na chai, jamu, na toleo la jarida la Neva la mwaka 1987, lile lililochapisha Rekviem ya mshairi wa Kirusi Anna Akhmatova. Mashairi hayo alianza kuyatunga mwaka 1935, mwanawe Lev alipokamatwa. Baba yake Lev, Nikolai Gumilev, alishapigwa risasi mwaka 1921. Lev akakamatwa tena 1938, na mama mtu akawa mtu wa foleni nje ya magereza, miezi 17, pamoja na akina mama wengine wasiohesabika. Rekviem ilichapishwa kwanza Munich, 1963. Nyumbani kwake ilitoka miaka 21 baada ya kifo chake.

Nilipotaka kulifungua jarida, mwalimu akalifunika kwa kiganja. Akaonyesha dari kwa kidole, akazungusha macho ukutani, kana kwamba kuna vinasa sauti. Kisha akasema kwa sauti kubwa, “Nikuongeze chai?” huku mkono wake ukiandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi. Mistari sita. Akanisogezea. Nikasoma, midomo ikicheza bila sauti. Nikarudia mara ya pili, ya tatu. Akanikazia macho: umeshika? Nikaitikia kwa kichwa. Akawasha kiberiti. Karatasi ikajikunja ikawa nyeusi, na kwa kitambo kidogo yale maandishi ya penseli yaling’aa juu ya weusi ule kama fedha, yakisomeka kabisa, kabla hajayasaga kwa ncha ya kijiti.

“Mwaka huu baridi haitaki kuondoka,” akasema, kwa sauti ile ile.

Hivyo ndivyo Akhmatova alivyomkabidhi rafiki yake Lydia Chukovskaya mashairi yale, kidogo kidogo, juu ya kisahani cha majivu. Siku hiyo haja ya kujificha haikuwepo tena; jarida lilikuwa pale pale mezani. Lakini mama yake mwalimu naye alisimama kwenye foleni zile, na mwalimu alitaka mashairi yapite kwangu kama yalivyopita kwao.

“Haya, sema.”

Nikakwama mstari wa nne. Hakunisaidia. Alingoja tu, kama bibi yangu kule Pangani, ambaye hakujua kuandika lakini tenzi alikuwa nazo kichwani beti kwa beti, na ukimkatiza anarudi mwanzo.

Ni mistari ya mwisho mwisho: wakitaka kumsimamishia Akhmatova sanamu, isiwe kando ya bahari alikozaliwa, wala kwenye bustani ya mfalme, bali pale aliposimama saa 300, mbele ya mlango ambao hawakumfungulia. Sanamu ipo tangu 2006, ng’ambo ya mto, ikilitazama lililokuwa gereza la Kresty.

Leo ninayo mitano. Ule wa nne umeniponyoka, na kwenye simu ningeupata mara moja. Sikuitoa mfukoni. Sijui kama mwalimu angeipokea mitano.

Binti akaniuliza tena. Nikamwambia alete kigoda, nikaanza na ule wa kwanza.